Fomu ya fidia haina safu ya bonde

Kwa miaka karibu thelathini kazi yangu ilikuwa kuvipa vitu bei. Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo, sasa nimestaafu. Kama barabara iliwahi kupanuliwa mtaani kwako hapa Dar es Salaam, huenda uliniona: mama mwenye kofia ya pama, futikamba mkononi, na nyuma yake kijana aliyebeba rundo la fomu. Tulipima vyumba, tukahesabu madirisha yenye nondo, tukauliza choo ni cha shimo au cha kuvuta. Tukitoka uani tuliandika mnazi unaozaa, mnazi ambao haujaanza kuzaa, mwembe, mpapai, migomba kwa idadi ya mashina. Kila kimoja kina safu yake, na kila safu ina bei yake.

Siku moja, miaka ya mwanzo ya 2000, tulishuka bonde la Msimbazi upande wa Kigogo. Masika yalikuwa yamekwisha, ardhi bado inanata miguuni. Tulimkuta mzee mmoja akimwagilia mchicha kwa keni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kunihamisha?"

Nikamweleza kwamba kazi yetu ni kuandika tu, uamuzi ni wa wakubwa. Hakubishana. Aliweka keni chini, akatupeleka kwenye mwembe uliokuwa pembeni mwa matuta yake. Shina lilikuwa na alama za panga, moja juu ya nyingine, kama ngazi anazokata mgema kwenye mnazi. Kila mwaka mto ukijaa, alikata alama mahali maji yalipofika. Ya juu kabisa, iliyonifika begani, ilikuwa ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

"Maji hulala hapa siku mbili, tatu," alisema, "kisha huondoka taratibu. Matope yanayoyaacha ndiyo mbolea yangu. Sasa mwanangu, mwembe umeuandika, mchicha umeuandika. Hili bonde linalolaza maji umeliandika wapi?"

Nikaipekua fomu, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Hapakuwa na mahali. Nikampa jibu la kiofisi: bonde halina maendelezo. Mzee akacheka, akarudi kwenye keni yake.

"Maendelezo" ni neno letu wathamini. Maana yake ni kile ambacho binadamu amekiongeza juu ya ardhi: nyumba, ukuta, kisima, mazao. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na inataja vitu vya kuhesabiwa: thamani ya ardhi sokoni, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi, hasara ya faida. Ni orodha nzuri, na niliitetea mara nyingi mbele ya watu wenye hasira. Lakini yote inamfuata mtu anayehamishwa. Kazi ambayo ardhi yenyewe inawafanyia watu wengine, walioko mtaa wa tatu au wa tano kutoka hapo, haina mdai, kwa hiyo haiingii kwenye jalada. Ardhi ya namna hiyo sisi huiandika kwa neno moja: tupu.

Bonde la Msimbazi halikuwa tupu hata siku moja. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe, unakwenda kilometa kama 35 ukipita katikati ya jiji, na kuingia baharini pale Daraja la Salender. Njiani kila kipande kina wafanyakazi wake. Juu ni msitu, ambao mizizi yake inashika udongo ili mvua isiuporomoshe. Katikati ni matete na mafunjo, ambayo yanapunguza kasi ya maji na kuchuja uchafu. Chini, maji ya chumvi yanapokutana na ya mto, ni mikoko. Na mikoko si mti mmoja, kama mvuvi yeyote wa Kunduchi au Mbweni atakavyokwambia. Mlilana husimama mbele kabisa, unapigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, wenye miguu mingi kama buibui, hunasa tope. Mchu huvumilia chumvi kali na hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope kama vidole. Kaa huchimba mashimo yanayoingiza hewa udongoni, na kamba na samaki wadogo hujificha humo mpaka wapate nguvu ya kwenda bahari kuu. Wataalamu huuita mchanganyiko huo bioanuwai. Mimi naona ni kama kikosi cha mafundi: ukimwondoa mpiga lipu na fundi bomba, ukabaki na waashi watupu, nyumba haiishi.

Kikosi hicho kikivunjika sehemu moja, sehemu nyingine inaumia. Miti ya Pugu ikikatwa kwa mkaa, mvua inashuka na mchanga. Mchanga unatulia Jangwani, ambako mto hauna mteremko, na kitanda cha mto kinapanda juu. Halmashauri inaleta makatapila kuchimba, masika yanakuja, mchanga unarudi. Ule unaofika Salender ukivifunika vidole vya mchu kwa ghafla, mti hufa umesimama. Kwa hiyo gunia la mkaa linalouzwa Kisarawe lina gharama yake nyingine, na anayeilipa ni mtu wa Magomeni anayechota tope sebuleni.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee, kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuikagua. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Maji yakilala juu yake kwa kina cha mita moja, hiyo ni mita za ujazo 4,047, yaani lita milioni 4 na ushei. Boza kubwa la maji mtaani linabeba lita 10,000. Ekari moja ya yule mzee, basi, ilikuwa inapokea boza 400 za mafuriko, inazishika siku mbili au tatu, na kuziachia taratibu, bila dizeli, bila dereva, bila posho. Wewe kodi boza 400 uone.

Na sasa geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili. Kila mkazi wa jiji hili ameliona bango la ubao pembeni mwa barabara lililoandikwa kwa rangi: KIFUSI KINAHITAJIKA. Hapo kuna mtu amenunua kiwanja bondeni. Dalali alimwambia, "Kiwanja kizuri sana, mama, karibu na mjini, kinataka kifusi kidogo tu." Lori la mita za ujazo saba likimwaga mzigo wake pale, lita 7,000 za maji ya masika zimekosa pa kulala. Hazijatoweka. Maji hufuata mkondo, yanahamia kwa jirani ambaye hakumwaga kifusi, au kwenye barabara. Jirani naye, mwaka unaofuata, anaandika bango lake.

Hivyo ndivyo bonde zima linavyojengwa, tripu moja baada ya nyingine, na kila anayemwaga anafanya hesabu yake sahihi kabisa. Kiwanja cha bondeni ni rahisi kwa sababu bei yake haina gharama ya boza 400. Hiyo gharama tumeitawanya kwa watu wengine bila kuwauliza.

Bili zake zimekwisha kuja. Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote tangu 1954 zilipiga jiji hili, watu zaidi ya 40 wakafa, na maelfu wakahamishiwa Mabwepande. Wiki chache baadaye nilipita tena kwa yule mzee. Yeye alikuwa salama kwa mwanawe Mbagala. Mwembe ulikuwa bado umesimama, lakini matete yote ya pembeni yalikuwa yamekwisha kuwa viwanja, na mstari wa tope kwenye shina ulikuwa juu ya alama ya El Niño kwa kiasi cha mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu kwenye nyumba, kisha tingatinga, kwa kutumia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kile cha mita 60 kutoka kingo za mto. Aprili 2018 yakaja mafuriko mengine, ambayo Benki ya Dunia ilikadiria hasara yake kuwa zaidi ya dola za Marekani milioni 100. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi mno kwa sababu ya maji. Na tusisahau karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa palepale bondeni: mabasi yakaingiliwa na maji yakiwa yameegeshwa.

Leo kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo. Mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia uliidhinishwa mwaka 2022, na zipo fedha nyingine kutoka Hispania na Uholanzi. Mradi unahusu kupanua njia ya mto, kujenga daraja jipya la juu zaidi Jangwani, kuhamisha karakana na kuifanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Naunga mkono. Lakini kama mthamini siwezi kukwepa kuona kilichotokea: ile safu iliyokosekana kwenye fomu yangu miaka ile sasa imejazwa, kwa dola, na kwa mkopo ambao wajukuu zetu watausaidia kuulipa.

Wenzangu wa fani watasema bonde halina soko, na kisicho na soko hakithaminiki. Si kweli, nao wanajua. Nani aliwahi kuuza msikiti au shule ya msingi? Hata hivyo tunavithamini kila siku, kwa mbinu tunayofundishwa mwaka wa kwanza chuoni: gharama ya kujenga upya. Tunauliza, jengo hili likiondoka, itagharimu kiasi gani kusimamisha jingine lifanye kazi ile ile? Swali hilo hilo liulizwe kwa bonde. Ekari hii ikijazwa kifusi, bwawa la kupokea lita milioni 4 litajengwa wapi, na kwa bei gani? Mkoko huu ukikatwa, ukuta wa zege wa kuzuia mawimbi ni shilingi ngapi kwa mita?

Majirani zetu waliwahi kuuliza swali hilo, na kisa chao kinafundisha mambo mawili. Mwaka 1999 wachumi waliofanya kazi na shirika la uhifadhi la IUCN, akiwamo Lucy Emerton, walikithamini kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala. Kinamasi hicho kipo kati ya eneo la viwanda na Ziwa Victoria. Maji machafu ya jiji yalikuwa yanapita kwenye mafunjo yake kabla ya kuingia ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambayo Kampala huvuta maji ya kunywa pale Gaba. Wakauliza: kinamasi kikiondoka, jiji litatumia kiasi gani ili lipate huduma ile ile? Jibu likatoka kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, kwa kazi ambayo mafunjo yalikuwa yanaifanya bure.

Hilo ni fundisho la kwanza: inahesabika. La pili ni chungu zaidi. Tarakimu ile ilichapishwa, ikasifiwa na kunukuliwa duniani kote, na kinamasi kikaendelea kulimwa, kujengwa na kujazwa. Maji ya ghuba yakazidi kuharibika na kazi ya kuyasafisha ikawa ngumu zaidi. Mwaka 2021 Kampala ikaanza kutumia mtambo mpya mkubwa wa maji huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba ile. Jiji lilikuwa limekua, ni kweli, lakini uchafu wa ghuba ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo tarakimu peke yake hailindi kitu. Nimeandika ripoti nyingi za uthamini maishani mwangu, najua zinavyokaa kabatini. Thamani inalinda pale tu inapokuwa na mtu wa kuidai na kitabu cha hesabu kinachoionyesha.

Kabla sijasema nini kifanyike, niwajibu watu wawili.

Wa kwanza ni yule anayesema kuviwekea bei viumbe vya Mungu ni kuviuza, kwamba ukishataja bei, atatokea wa kulipa. Hofu hiyo naielewa. Mwekezaji mwenye fedha anaweza kusema, "Bonde lenu ni bilioni mbili? Hizi hapa bilioni tatu." Ndiyo maana nasema mita 60 zibaki sheria, na mikoko, ambayo ni misitu ya hifadhi ya taifa, isiwe na mjadala wa bei. Uthamini ufanye kazi kule sheria inakoacha nafasi ya uamuzi: pale meneja wa mradi anapochagua kupitisha barabara huku au kule, pale kamati ya mipango miji inapoulizwa kama eneo la wazi libadilishwe matumizi liwe kituo cha mafuta. Katika vikao hivyo upande mmoja unakuja na makadirio ya kodi na ajira, upande mwingine unakuja na neno "mazingira". Nimekaa humo. Najua upande upi unashinda kabla chai haijaletwa.

Wa pili ni mkazi wa bondeni mwenyewe. Huyu nisingependa asome makala haya akadhani namshitaki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mtu anayeuza nguo Kariakoo, anayetembea kwa miguu hadi kazini kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inakula faida, atatafuta chumba mahali anapofikia. Aliyekubali kuuza kiwanja, aliyegonga muhuri wa serikali ya mtaa na aliyeleta nguzo ya umeme walikuwa na habari kuliko yeye. Ukimhamisha bila kumpa makazi yenye usafiri, atarudi bondeni au atajaza bonde jingine.

Nini kifanyike, basi? Nina mambo matatu, na yote yapo ndani ya uwezo wa ofisi zilizopo.

Kwanza, ile safu. Ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali hutoa viwango vya mazao, hata mche wa mpapai unajulikana bei. Itoe pia mwongozo wa kuthamini kazi ya ardhi: kushika maji, kuchuja uchafu, kuzuia mawimbi, kutoa kivuli, kulea samaki. Fomu iulize: ardhi hii inamfanyia nani kazi gani, na kuibadilisha kazi hiyo ni shilingi ngapi? Jibu liingie katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na lisomwe kikaoni kwa sauti.

Pili, daftari la mali. Nenda ofisi yoyote ya halmashauri ugeuze kiti chini juu, utakuta namba imeandikwa kwa rangi nyeupe. Kiti cha plastiki kina namba, kina thamani, na kikipotea mtu anaulizwa. Bonde linaloshika mamilioni ya lita halimo kwenye daftari hilo. Liingizwe, pamoja na mikoko na viwanja vya wazi, kisha litengewe fedha za matunzo kila mwaka kama linavyotengewa gari la mkurugenzi. Mkaguzi akija na kukuta ekari mbili zimepungua, aulize zimekwenda wapi.

Tatu, bustani ya Msimbazi isiishie kuwa nyasi za kukatwa na mabenchi. Kigali walipofungua bustani ya Nyandungu mwaka 2022, yenye hekta 121 penye kinamasi kilichokuwa kimeharibika, walikuwa wamerudisha mimea ya asili, na leo wageni wanalipa kiingilio kwenda kuona ndege. Nasi tuna matete yetu, tuna mkuyu, tuna mchu na mlilana wa Salender. Nyasi fupi zinapendeza kwenye picha, lakini hazichuji maji kama mafunjo wala kulea kamba kama mikoko. Mkandarasi alipwe kwa mimea iliyo hai baada ya masika matatu, asilipwe kwa miche aliyoipanda siku ya uzinduzi.

Nami nina deni langu. Katika majalada niliyoyatia saini yapo mengi yenye neno "tupu", na baadhi ya hayo matupu ndiyo yanayojaa maji kila Aprili. Sikuvunja sheria yoyote. Nilijaza fomu kama ilivyokuwa.

Wewe msomaji huna fomu, lakini una fedha ulizozidunduliza, na iko siku utasimama mbele ya kiwanja cha bei nzuri, karibu na mjini, na dalali atakwambia kinataka kifusi kidogo tu. Kabla hujatoa hata shilingi, muulize: maji yaliyokuwa yakilala hapa yatakwenda kulala kwa nani?